Matofali ya Kaburi Lako

Mama,

Leo siulizi umelalaje. Salamu zitasubiri, maana nimeshika kalamu nikiwa na hasira, na wewe hukupenda mtu anayenuna kimyakimya.

Mwanao Gwakisa amekata mivengi, miti yetu ya kutunza maji, pale chemchemini. Yote, Mama. Ile uliyoikuta ulipoolewa hapa Suma, na ile uliyoipanda mwenyewe ukiwa na mimba yangu. Na unajua ameikatia nini? Kuchomea matofali ya kukujengea kaburi.

Habari ilinikuta Tukuyu, kwenye cherehani yangu pale sokoni. Nilipofika nyumbani tanuru lilikuwa linafuka moshi, vijana wanasifu jinsi kuni za mivengi zinavyoshika moto. Gwakisa alinipokea kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha ng'ombe mpya. Akasema, "Mama anastahili nyumba nzuri." Nilishindwa hata kulia. Wewe, uliyemfukuza mzee wa kanisa kwa kukata ufito mmoja tu pale!

Kilichoniuma zaidi ni sifa. Ukoo mzima ulisema huyo ndiye mtoto wa kiume. Mwenyekiti wa kijiji alikiri kwamba sheria inakataza kukata miti ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji, kisha akasema msiba ni msiba. Mjomba akacheka: hapa kwetu mvua inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kwenye kamba, nani aliwahi kuona maji yakaisha? Hilo ndilo kosa letu, Mama. Tumezaliwa tunanyeshewa, tukadhani mvua na maji ni kitu kimoja.

Wewe ulijua si kimoja. Asubuhi tukienda kuchota ulinionyesha mawingu yanayopanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ukasema yale ni maji yetu yanarudi nyumbani. Ulinieleza yanavyogonga mlima na kunyesha, yanavyozama polepole chini ya majani makavu ya mivengi, yakakaa ardhini, yakatutokea chemchemini wakati wa kiangazi. Kisha yanashuka kijitoni, mtoni, Kyela, na kuingia tena ziwani. Siku niliyofua nguo palepale chemchemini ulinichapa. "Wa Kyela nao wana watoto," ulisema.

Sasa sikia yaliyofuata. Kiangazi kilipofika, chemchemi ilitoa maji membamba kama mkia wa panya. Gwakisa, eti kurekebisha mambo, akapanda mikaratusi palepale kwa sababu inakua haraka. Inakua haraka kwa sababu inakunywa! Mvua ziliporudi hazikuwa na pa kuzama. Zilishuka na udongo wetu, zikafukia chemchemi kwa tope, zikapita zao. Binamu yako wa Kyela akapiga simu kusema mpunga wake umefunikwa na matope, akauliza huko juu tunafanya nini. Tulikuwa tumelowa mpaka mifupani na hatuna maji ya kunywa. Niambie kama hiyo si aibu.

Mvua zilipopungua, wakapanga siku ya kujenga kaburi. Ndugu walijaa, na hapakuwa na maji ya kukorogea saruji wala ya kupikia ndizi. Yaliletwa na bodaboda, dumu kwa dumu. Mama, siku tuliyokuzika watu hao hao walikunywa chemchemini kwako, wakanawa, wakapika, wakashiba. Hapo nikachoka. Nilikwenda kukaa juu ya kaburi lako, fundi akiwa na mwiko mkononi, nikasema, "Tofali hata moja halipandi juu ya mama yangu."

Waliniita mwendawazimu. Nilikaa. Baadaye akaja shangazi Tumpe, wifi yako ambaye hamkuwahi kuelewana hata kwenye chumvi ya mboga, akakunja kitenge chake na kukaa kando yangu. Nadhani ungecheka.

Ujenzi ukaachwa, na matofali tumeyapeleka chemchemini. Tumejenga ukingo upande wa juu ili tope lisiingie. Mikaratusi nimeing'oa kwa mikono yangu, na miche ya mivengi sasa inanifika magotini. Gwakisa alibeba matofali ya mwisho, na mpaka leo hasemi nami. Mimi pia sijamsamehe, sitakudanganya. Najua alikupenda. Ndiyo maana inauma hivi. Na maji bado hayajarudi kama zamani.

Kaburi lako ni udongo mtupu, Mama, na yale maua uliyopenda. Wapita njia wanasema watoto wako wamekutupa. Waache waseme. Nakuahidi saruji haitakanyaga hapo nikiwa hai, na miche ile nitailinda kwa mdomo wako huohuo uliokuwa unawakimbiza wazee wa kanisa.

Leo mchana mvua imenyesha kubwa. Nilisimama kibarazani nikitazama kaburi lako, nikisubiri kuona maji yakitiririka kuja uani. Hayakuja. Yote yamezama hapo ulipo.

Yapokee, Mama, uyapitishe mpaka chemchemini. Ndaga fijo, asante sana.

Mwanao,
Tupokigwe