Raundi ya Pili

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na duka lako la vigae linakwenda vizuri. Sisi hatujambo. Baba mikono inamtetemeka siku hizi, chai anamwaga nusu, ila mdomo uko palepale. Neno injini ukilisikia kwenye simu unakata, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Wiki iliyopita tuliletewa gari la michezo, jekundu, milango miwili, mali ya daktari mmoja wa meno. Likisimama linatetemeka, ukikanyaga mafuta halivuti, na taa ya injini haizimiki. Mafundi wawili walikuwa wameshambadilishia sensa ya kamshafti, kila mmoja kwa kujiamini kwake. Kompyuta ilisema kamshafti ya juu, inayofungua valvu, na krenki ya chini, inayozungushwa na pistoni, hazipatani, nao wakadhani sensa inayosema ndiyo inayoumwa.

Mimi nilifungua kifuniko, nikapandisha pistoni ya kwanza juu kabisa, nikaangalia alama. Ya krenki ilikuwa mahali pake, ya kamshafti ilikuwa nyuma jino moja. Kikaza cheni kilikuwa kimechoka, cheni inayoziunganisha ikalegea na kuruka jino. Nikabadilisha vyote viwili. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, ananitazama kama mkaguzi. Nilipomaliza akanikumbusha, kana kwamba nimeanza kazi jana, nizungushe krenki kwa spana raundi mbili kamili, maana krenki ikienda mbili ndipo kamshafti inamaliza moja. Nilizungusha. Raundi ya pili ikapita laini na alama zote zikarudi.

Hapo Baba akasema anataka kunikabidhi gereji mwezi ujao, kwa kuwa sijawahi kumwangusha. Akaongeza kwamba wewe ulikuwa na mikono mizuri, ila haraka ilikuponza. Nikainama kukusanya spana.

Kaka, injini ile ya miaka sita iliyopita hujaisahau. Kama kawaida yetu, wewe uliweka cheni, mimi nikazungusha, na hakuna kugusa ufunguo mpaka niseme tayari. Nilisema, ukawasha, valvu zikagonga pistoni na injini ikafa palepale. Baba alipouliza, ulimwambia nilikuwa nimesema tayari. Mimi nikanyamaza, naye akaona unanisingizia. Hayo unayajua, na hukuwahi kunisema kwa mtu mwingine.

Usichokijua ni kwamba raundi ya pili sikuimaliza. Spana iligota katikati, na maana yake niliijua: valvu imegusa pistoni. Lakini nilikuwa na hamu ya kuisikia ikinguruma, nikajidanganya kwamba ni ugumu wa vipuri vipya. Nikachomoa spana, nikasema tayari. Kukosea jino wakati wa kuweka cheni kunampata fundi yeyote, na mimi niliwekwa pale kulinasa kosa hilohilo. Ukaenda kuuza vigae, nami nikaitwa fundi hodari. Naona aibu, kaka. Nisamehe.

Baba nimemwambia jana asubuhi, kabla hajamaliza chai. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mwanangu aliniambia kweli, nami nikamfukuza." Habari ya kunikabidhi gereji hakuitaja tena, na mimi sikuuliza.

Gari la daktari limekamilika ila halijawashwa. Mwenyewe atalifuata Jumamosi saa nane mchana. Ufunguo Baba ameutia mfukoni mwake, na kila anayeuomba, mimi nikiwa wa kwanza, anajibiwa kwamba kuna mtu anasubiriwa.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Raundi mbili nimezizungusha mbele ya Baba, lakini ukija, kabla hujawasha, zungusha na wewe. Usitegemee neno langu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenipa jina la Spana