Mguu wa Sungura Wako

Mjukuu wangu Skola,

Wewe mtoto una miguu au umeota mizizi huko Kipili? Ziwa liko hapo chini tu. Magari yanapanda kila siku na samaki, samaki wanafika Sumbawanga wakiwa wamekufa, wewe mzima unashindwa. Pasaka hukuja. Mavuno hukuja. Ulisema utakuja tuvunje ntumba shambani pamoja, mvua zikaanza, nikabaki natazama barabara ya Milanzi kama mtu aliyedhulumiwa. Mimi sijui kuandika, hilo unalijua. Anayeshika kalamu ni mama Oresta jirani, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia akipunguza maneno yangu nitajua kwa ufupi wa karatasi.

Sasa nisikilize. Nimemuumiza Sista. Yuko hai, usianze kulia kabla sijamaliza.

Unakumbuka ulivyomleta? Ulikuwa sekondari, ukarudi na begi la shule linatikisika, ukalifungua jikoni akatokea sungura wa kijivu mwenye kichwa cheupe, utadhani kavaa kile kitambaa cha masista. Nikasema asante, leo tuna mboga. Ukamkumbatia, ukanitazama bila kupepesa macho. "Bibi, huyu haliwi. Ukimla, unile na mimi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulipopata kazi ya ualimu ukaniachia yeye, na watu wakadhani ni mimi ninayemtunza. Kipupwe kikija, ule upepo unaopenya chini ya mlango, alikuwa anakuja kulala juu ya miguu yangu. Nilikuwa namwambia habari zako. Zikiisha nazirudia.

Unazijua ntumba zetu, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani yaoze mpaka mvua za mwanzo. Ndani ni laini, mna joto. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha, jembe likiwa bado linakuzidi kimo, kwamba kabla ya kuvunja ntumba unaigonga kwa mpini, maana panya na nyoka wanajificha mle. Unagonga, unasubiri, ndipo unavunja.

Siku ile mawingu yalikuwa yamejaa, majirani wamekwisha panda, na mimi nina hasira na wewe. Sikugonga. Nilishusha jembe kama ninayepiga mtu. Sista alikuwa ametoka bandani, na kumbe alikuwa amejichimbia shimo lake humo. Nilikuwa naamini sungura hawana sauti, Skola. Wanayo. Alilia kama mtoto mchanga.

Mguu wa nyuma ulikuwa unaning'inia. Nikauosha kwa maji ya chumvi, nikaufunga kwa kipande cha kitenge, nikajiambia utaunga wenyewe, mbona mbuzi huunga. Ile pesa ya mbolea uliyonitumia nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga, nikitembea inanigusa kiunoni. Nilijua ipo. Nikawa nasema, nani anapeleka sungura kwa daktari, watu watanicheka, na mahindi nayo yatakula nini. Kila asubuhi nasema kesho. Mpaka mguu ukaanza kunuka, na yeye akaacha kula hata majani ya karoti, yale aliyokuwa akiyaiba.

Ndipo nikamweka kwenye kikapu, nikapanda bodaboda mpaka Mazwi kwa daktari wa mifugo. Nilimkuta baba mmoja Msukuma, watani zetu hao, na ndama aliyevalishwa koti kwa ajili ya baridi. Akaniamkia vizuri, akachungulia kikapu, akaniuliza kama nimepotea njia, maana jiko la hoteli liko upande wa pili. Nikamjibu, "Na huyo wako mwenye koti, unampeleka harusini?" Akacheka yeye kuliko wote, akanipisha nikatangulia.

Daktari ni kijana mpole. Akafungua kitambaa changu, akaugeuza mguu taratibu. Akaniuliza ni lini. Nikamwambia ukweli.

"Bibi, ungekuja siku ile ile ningeuunga tu," akasema. "Sasa lazima tuukate."

Hakunigombeza. Akanitajia bei, akaona mikono yangu na lile tope la shamba, akaanza mwenyewe kuipunguza. Mimi, Skola, mimi ninayeomba punguzo hata kwa anayeuza mishumaa kanisani, nikafungua pindo la kanga nikamwambia, "Usipunguze chochote. Kata vizuri, asisikie." Nikamshika kichwa mpaka dawa ya usingizi ilipomkolea. Masikio yake yalikuwa ya moto mkononi mwangu.

Kidonda kimefunga. Anatembea, kama kutembea ndiko huko: anaruka, anaangukia ubavu, anainuka, ananitazama. Mahindi yamekuwa ya njano kwa kukosa mbolea, acha yawe ya njano. Kinachoniuma ni kwamba bado anakuja kwenye miguu yangu. Angenikimbia ningemwelewa. Anajikokota toka kule pembeni, anapanda, anajikunja, na mimi naogopa hata kusogeza kidole.

Nilipokupigia kwa simu ya mama Oresta nilikueleza nusu tu, nawe ukasema, "Usijali bibi, ni bahati mbaya." Mwanangu, bahati mbaya ni jembe. Zile siku nilizozunguka na pesa kiunoni huku yeye anaoza mguu, hizo si bahati mbaya, ni mimi. Kwenye simu ulimi ulikataa. Mama Oresta hapa ameacha kuandika, anafuta macho, nimemwambia aendelee, karatasi haijajaa.

Baki salama, mtoto wangu. Vaa kitu cha joto ukipanda huku juu, umeshazoea joto la ziwani. Na ukija, usiniamkie mlangoni. Pita moja kwa moja bandani, mtoe Sista, mweke chini uwanjani, mtazame anavyokwenda mpaka umwone vizuri. Kisha njoo jikoni unigombeze, kwa sauti, kama ninavyokugombeza mimi. Nitakuwa nimekaa na sitakujibu. Ukimaliza yote ndipo useme shikamoo, nami nitaitika.

Bibi yako