Neno "levy" na maji ya Mama Elinami

Jumamosi. Ukungu tangu asubuhi, manyunyu yasiyoisha, na baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye vidole vya miguu. Mlima haujaonekana tangu Jumatano. Afadhali. Leo sitaki kutazamwa na kitu kikubwa kiasi kile.

Usingizi umenipaa tangu juzi. Si ugonjwa, ni barua.

Mnaosoma hapa mnaijua kazi yangu: nina kiduka cha stesheneri pale Soweto, Moshi mjini. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za watu. Watu husema nina Kiingereza kizuri na mimi, Mungu anisamehe, huwa napenda kusikia hivyo. Kwa hiyo mwezi wa tano baba alipoteremka kutoka kijijini kwetu juu mlimani na ujumbe wa kamati ya mfongo, kichwa kilinivimba. Mfongo ni mfereji wetu wa maji, mababu waliuchimba kutoka mtoni hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, na baba ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Usharika mmoja wa ng'ambo, wenye urafiki na usharika wetu, ulikuwa tayari kutusaidia mabomba, maana maji mengi yanapotelea njiani. Waliomba tu waelezwe mfongo tunauendeshaje.

Nikaandika. Nilipofika kwenye msaragambo, ile siku ambayo kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe kuzibua mfereji, nikakwama. Neno la mchango kwa Kiingereza niliona ni jepesi mno, la harusi. Lakini barua za ushuru ninazowachapia wenye biashara zimejaa "levy". Neno fupi, limevaa tai. Nikaandika kwamba kamati inatoza levy ya siku moja ya kazi kwa kila nyumba. Baba akasaini. Mimi nikajipongeza kwa soda.

Alhamisi jibu likaja. Lilikuwa la upole, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Waliuliza: hiyo levy, nani aliipa kamati mamlaka ya kuitoza? Asiyeweza kuitoa anafanywa nini? Na je, yupo aliyenyimwa maji kwa sababu yake? Baraza lao linakaa Jumatatu, wanataka majibu kabla.

Ndipo nikafungua kamusi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi wa tano. Levy: kutoza kodi kwa nguvu ya mamlaka. Hata kukusanya watu kwa lazima, kama wanajeshi. Hakuna mahali palipoandikwa hiari.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kufuta. Niseme samahani, nilikosea neno, nilimaanisha mchango. Nimepanda huku leo ili baba akubali. Nilimkuta anakatakata migomba ya ng'ombe, wala hakusimamisha panga.

"Andika mchango. Kwani Kiingereza hakina mchango?"

"Kinao, baba."

"Basi. Usituharibie mabomba kwa ajili ya neno moja."

Ingekuwa rahisi hivyo, kama si lile swali la tatu.

Mama Elinami ni jirani yetu, mjane, nyumba ya tatu kushuka. Mguu wake umevimba tangu mwaka jana, jembe hawezi, na Elinami mwenyewe yuko Dar, kimya. Kwa desturi yetu, nyumba isiyotoa mtu siku ya msaragambo hutozwa pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, wachimbaji wanywe. Wengi hulitoa huku wakicheka, na jioni inageuka sherehe. Ila Mama Elinami ameokoka. Hapiki pombe, hata ya faini. Alisema atawapikia mtori, supu ya ndizi, sufuria kubwa kabisa. Kamati ikasema mtori si adhabu, ikamfungia maji. Hii ni wiki ya sita.

Mtori si adhabu. Baba alipotusimulia, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Na tangazo la kumfungia nililichapa mimi. Dukani kwangu, kwa herufi nzito, jina lake katikati. Nikamkabidhi baba karatasi, nikaenda kula chipsi. Sikuhisi chochote. Kwa Kiswahili tunaita mchango, tunaita ushirikiano, tunaita mila, na mambo yanakwenda. Ilibidi niulizwe na watu wa mbali, wasiotujua, ndipo nione tunamfanyia nini mama wa watu.

Mchana nilipita kwake. Alikuwa anatoka kwa jirani na ndoo ya kumnyweshea ng'ombe wake mmoja, anapumzika kila baada ya hatua chache.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti Wazungu wameshajibu?"

"Wamejibu, mama."

"Bwana asifiwe! Mabomba yakija, hata mimi nitafunguliwa."

Alisema kwa furaha. Kwa furaha kabisa! Nikamchukulia ndoo mpaka bandani kwa ng'ombe, kisha nikaaga haraka kama mwizi.

Naogopa, niseme wazi. Nikiandika ukweli, huenda wakajitoa, na kitongoji kizima kikakosa mabomba. Kiangazi chenyewe ndio kwanza kinaanza, na manyunyu haya hayajazi mfereji. Watasema binti wa mwenyekiti ndiye aliyeuza mfongo, na baba watamkodolea macho mpaka kanisani. Nikiandika mchango, mabomba yatakuja, na Mama Elinami atahesabiwa miongoni mwa waliotoa kwa moyo mkunjufu.

Saa kumi nilisimama karibu na ukuta wa kanisa, ndipo mtandao unaposhika, nikaandika. Kwamba sikukosea neno, ni levy kweli. Tunatoza, hatuombi. Mamlaka yetu ni mazoea tu. Asiyeweza anafungiwa maji, na yupo mmoja, mjane, na tangazo lake nililichapa mimi. Nikaongeza kwamba mfereji unavuja kweli na mabomba tunayahitaji kweli. Nikarudia kusoma mara nne.

Nimetuma.

Sasa niko jikoni, na baba yuko bandani anakamua, anapiga mluzi wa pambio. Anaamini nimeandika mchango. Mara mbili nimeinuka kwenda kumwambia, mara mbili nimerudi na kuni ambazo hakuna aliyeniagiza. Kesho kabla ya ibada nitamwambia, nimejiapiza, asije akayasikia kwa mchungaji, anayewasiliana na wale wa ng'ambo. Nitaanza na shikamoo kama siku zote.

Sijui kama nitaitikiwa.