Boneti ya Baridi

Leeds, 14 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ni kazi tu na usingizi wa kuiba.

Najua nimenyamaza tangu Machi, tangu geti la nyumba yangu ya Igombe lilipowekwa. Nisamehe. Lakini ile nyumba siisahau. Nikifumba macho naiona juu ya mawe yake, ziwa liko chini, na mimi nimekaa barazani bila viatu. Mwaka huu nakuja kweli, Mama, siyo kama miaka ile mitatu niliyoahidi nisije. Wiki nne nzima za Desemba.

Sasa kinachokosekana ni gari. Kutoka barabara kubwa mpaka getini ni mbali, na sitaki kuanza likizo kwa kuomba lifti. Nataka nikitua nilikute linanisubiri, nikiondoka libaki uani mpaka Desemba nyingine. Liwe otomatiki, na liwe limenyanyuka kwa ajili ya yale mawe. Naangalia picha za magari ya Mwanza kwenye simu mpaka chakula kinapoa. Yote yanang'aa, ndiyo maana siyaamini. Wewe umeendesha lori la kinu cha pamba miaka kumi na tisa, nakuamini kuliko fundi yeyote. Pesa ziko kwenye akaunti yako. Mchukue Machibya dalali mzunguke naye.

Mwanao,
Luhende


Buswelu, 27 Julai 2024

Mwanangu Luhende,

Marahaba. Sisi huku wazima. Goti langu huuma mvua ikikaribia, sasa hivi hakuna mvua na bado linauma, kwa hiyo limeamua tu.

Barua yako Tereza ameichapa pale stesheneri kwake Buzuruga, na ameisoma yote kabla ya kunipa, kama kawaida yake. Hii ninayoandika ataipiga picha akutumie. Tuendelee hivi hivi. Simu sizielewi tena, masikio yangu niliyaacha kwenye lile lori.

Nina neno moja kabla ya gari. Tanki la maji lilipofika ulinyamaza miezi miwili. Madirisha, mitatu. Geti, minne. Ukiwa unatafuta kitu unaniandikia kila wiki, ukikipata kwako nageuka ukuta. Sikulaumu, nataka tu ujue kwamba nimeona. Mimi hilo gari halinihusu sana. Ninachotaka ni wewe ukae kwenye hilo baraza nikuone, na kama huji, basi nisome maneno yako.

Haya. Jumatatu nakwenda Mirongo kuona gari la kijivu la mwalimu mmoja anayehamishwa. Sitampa taarifa. Nitafika alfajiri niweke mkono kwenye boneti. Ikiwa ya baridi, ndipo aliwashe nilione linavyoamka. Ikiwa ya moto, ujue ameliwasha kabla ili kunificha jambo. Hapo sina haja hata ya kufungua mlango.

Je, unakula?

Mama yako


Leeds, 30 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nakula, usijali. Ila tangu jana sijatulia. Boneti ilikuwaje? Nimempigia Machibya mara nne, hapokei. Niandikie upesi, magari mazuri hayakai.

Luhende wako


Buswelu, 10 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kwema. Nimechelewa kukujibu kwa sababu Tereza alifunga duka kwenda msibani Magu.

Boneti ilikuwa ya moto. Mwalimu mwenyewe mpole, alinikaribisha chai, lakini boneti ilikuwa ya moto na mimi nikaaga. Usisikitike. Kuna jekundu pale Buzuruga nitalipitia.

Unasema unakula, lakini hujasema unakula nini. Na hiyo kazi yako ya kutunza wazee inaendaje? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti.

Mama yako


Leeds, 11 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa shughuli za alfajiri. Afadhali umelikataa.

Umeuliza ninakula nini. Wali, mayai, na kuna duka la Mhindi mmoja linauza mihogo iliyogandishwa. Jumapili nilipika ugali, ukakataa kushikana, nikaula hivyo hivyo nimesimama dirishani. Siku hizi nakula nimesimama, sijui kwa nini. Nikikaa naona kama kuna mtu ananiita.

Kazini kuna bibi mmoja ninayemwamsha kila asubuhi. Neno lake la kwanza ni kuuliza kama basi limefika. Hakuna basi. Zamani nilikuwa namweleza ukweli, akalia. Sasa namwambia liko njiani, anakubali kuvaa viatu. Naye hanielewi vizuri kwa Kiingereza changu, lakini tukishavaa viatu tunaelewana.

Hilo jekundu limetembea sana? Tafadhali angalia chini ya zulia.

Mwanao,
Luhende


Buswelu, 31 Agosti 2024

Mwanangu Luhende,

Marahaba. Huyo bibi msalimie, mwambie basi likija amshike mkono dereva, ngazi za mabasi ni ndefu. Ugali wako haukushikana kwa sababu una haraka. Maji hayakuchemka.

Jekundu ni la mzee anaitwa Nestory. Kwa macho ni zuri, matairi bado yana meno. Ila nilipofungua mlango nilipigwa na marashi mpaka kichwa kikauma. Nikajiuliza, gari linaficha nini? Nikazunguka nyuma, nikafungua buti. Hapo hapo wakatoka paka watatu chini ya kibanda cha jirani, wakaja wakakaa kwenye mstari, wametulia, wanasubiri kugawiwa. Nikamtazama Nestory, naye akawatazama paka. Akakiri kwamba lilibeba dagaa miaka miwili. Harufu ya dagaa haitoki, mwanangu. Tuliagana vizuri, na paka walinisindikiza mpaka barabarani wakidhani ninazo.

Nimecheka njia nzima, ila nilitamani ungekuwepo.

Mama yako


Leeds, 5 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma ile ya paka kazini nikacheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Lakini Mama, tumeshaingia Septemba. Naomba usikaze sana. Harufu inavumilika, tunaweza kubadilisha viti. Machibya bado hapokei simu, mwambie siyo ustaarabu. Usiku naamka naangalia magari, naangalia tiketi, narudi kwenye magari. Naomba uniambie kuna lingine.

Luhende


Buswelu, 12 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Vuli imeanza mapema na goti sasa lina sababu.

Lingine lilikuwepo, la bluu. Mwenye nalo alikuwa analiingiza ziwani kila Jumapili kuliosha, maji mpaka milangoni, kwa miaka mitano. Uliniambia niangalie chini ya zulia. Nimeinua zulia nikaiona barabara. Kutu imekula yote, ungekuwa unaendesha huku unakanyaga nyasi.

Usiniambie nisikaze. Siku za Desemba umezipanga wewe, mimi sijazipanga. Na wewe nikuulize: umesema unaangalia tiketi. Umekata? Tereza amenitajia kwamba za Desemba huisha mapema. Nijibu hilo moja tu.

Mama yako


Leeds, 24 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako nina wiki sita nayo mfukoni, na kila nikitaka kujibu natoka nje kutembea. Nimetembea mitaa yote ya hapa.

Sijakata tiketi. Sikuwa na nia ya kukata, nilijua tangu Mei. Mwajiri wangu alinyang'anywa ruhusa ya kuajiri wageni, nikabaki natafuta mwingine ili kibali changu cha kukaa kisife. Nimempata, yule bibi yuko kwa huyu mpya, lakini ombi langu bado liko serikalini. Nikitoka nje ya nchi kabla ya jibu, ombi linakufa na sirudi tena. Jibu linaweza kuja mwakani, linaweza lisije nilivyotaka.

Ile miaka mitatu ilikuwa hivyo hivyo, kila mwaka na sababu yake. Kila nilipoona siji, nilinunua kitu cha Igombe. Tanki, madirisha, geti. Kikishawekwa, naona aibu kukuandikia, kwa sababu nyumba imekuwa tayari na mimi sipo. Mwaka huu nikasema nitafute gari, mtu anayenunua gari lazima anakuja. Nilikudanganya wewe, na nilijidanganya mwenyewe.

Kuna baya zaidi. Kila uliponiandikia kwamba hili halifai, nililalamika, lakini moyoni nilipumua. Gari likipatikana ningebaki na swali moja tu, na jibu lake nilikuwa nalijua. Nimekuzungusha na goti lako mjini kote kwa gari nisiloliendesha. Nisamehe, Mama. Acha kutafuta. Pesa zitumie kwa goti.

Mwanao,
Luhende


Igombe, 30 Novemba 2024

Mwanangu Luhende,

Marahaba, marahaba mara mbili. Tereza ameisoma barua yako kabla yangu kama kawaida, nami nikaisoma pale pale dukani, mteja akaondoka bila kuhudumiwa.

Kwanza, usitoke huko. Ombi lako lisubiri jibu, nawe ulisubirie. Nimekulea mimi, siwezi kushindwa na Desemba moja.

Pili, goti langu halijazunguka popote. Nisikilize vizuri. Boneti ya yule mwalimu wa Mirongo ilikuwa ya baridi. Ilikuwa ya baridi kama jiwe la nyumba yako asubuhi. Aliliwasha mara moja tu, nikaweka mkono, halikutetemeka hata kidogo. Nikalilipia siku ile ile, Jumatatu tarehe ishirini na tisa Julai. Kadi yake iko ndani ya Biblia yangu. Machibya nilimkataza kupokea simu zako, anateseka sana, msamehe.

Siku zile nilikaa mara mbili kukuandikia kwamba tumepata. Nikakumbuka geti. Nikaona miezi minne mingine inakuja, na safari hii hata sijui ungetafuta nini tena, maana nyumba imekamilika. Nikaandika ya moto. Tereza alisoma, akaniangalia, akapiga picha.

La jekundu halipo. Nestory hayupo. La bluu nalo sijawahi kuliona, ila magari yakioshwa ziwani nimeyaona tangu usichana wangu. Nilikuwa ninaogopa utagundua, kisha nikawa ninaogopa utaacha kuuliza. Ulipoandika habari za yule bibi na basi lake, nilimwambia Tereza kwamba hata ningelazimika kubuni magari mia moja nisingeacha.

Kila Jumamosi nakuja hapa Igombe kuliamsha gari lako ili betri isife. Naliendesha mpaka kwenye yale mawe, nalirudisha. Kisha nakaa kiti cha dereva, nafungua dirisha la upande wa ziwa, naweka daftari juu ya usukani. Barua za magari yasiyofaa zote nimeziandikia humu, ingawa juu niliandika Buswelu. Hata hii.

Basi sote wawili tumekuwa waongo, na mimi ndiye mkubwa. Sasa gari limepatikana, Luhende, na hakuna tena cha kutafuta. Ninaogopa. Nimekaa humu ndani ninaogopa, nikaona nikwambie hivyo hivyo.

Mama yako


Leeds, 3 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Leo nimechemsha maji mpaka yakachemka kweli, ugali umeshikana. Nimeula nimekaa.

Bibi nilimfikishia salamu zako za ngazi. Ameuliza dereva anaitwa nani. Nimemwambia ni mwanamke, amewahi kuendesha lori, mkono wake hauna wasiwasi. Akavaa viatu mwenyewe.

Sina ninachotaka ununue. Jibu la serikali halijaja, likija utakuwa wa kwanza kulisoma, wa pili baada ya Tereza. Jumamosi utakapokuwa umeliwasha gari na kukaa upande wa ziwa, naomba uniandikie. Yule Nestory, najua hayupo. Lakini alikuwa na mke? Aliliuza hatimaye lile gari? Na wale paka watatu uliowaacha barabarani, niambie walikwenda wapi.

Mwanao,
Luhende