Mstari wa Dada Yangu ni Mfupi, Nani Amwambie?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, na unisamehe kama barua hii haina vituo vya kutosha, maana shule niliiacha darasa la sita na tangu hapo kazi zangu ni za mikono. Niko mbali na nyumbani mwaka wa nne sasa, nafunga nondo kwenye ujenzi wa barabara ya juu, tunalala wanane chumba kimoja, na kwa kuwa nacheka na wenzangu hakuna anayejua kwamba moyo wangu hauko hapa.

Nina dada mmoja, ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike. Mwaka juzi wakati wa mvua binti huyo alishikwa na uchungu, wakambeba kumpeleka zahanati, walipofika mtoni maji yamejaa na pale hakuna daraja, wakakaa kusubiri maji yapungue, akafia pale ukingoni yeye na kichanga chake huku paa la zahanati linaonekana ng'ambo. Sikupata ruhusa ya kwenda kuzika.

Mwaka huu dada akaingia kwenye mchujo wa chama, anataka udiwani, na hoja yake ni moja, daraja. Wako watatu: yeye, muuza mbao ambaye naye anasema daraja lijengwe, na diwani wa sasa ambaye alishatamka hadharani kwamba kujengea watu wachache daraja ni hasara. Huko kwetu mchujo hauna karatasi, wanachama wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, tawi moja baada ya jingine, na mgombea anatazama mbele, haruhusiwi kugeuka asije akawatisha watu kwa macho. Mkutano wa kwanza dada alipoongea watu walilia. Wa pili waliinamisha vichwa. Wa tatu wakaanza kuangalia simu zao, kwa sababu anaanza na daraja lakini kila mara anaishia kwa binti yake, jina lake, kicheko chake, gauni alilokuwa anamshonea la kuvaa akishajifungua, mpaka katibu anamwambia, "Mama, muda." Matawi ya mwisho yanapiga kura Jumamosi, na kwenye yaliyokwisha kupiga dada yuko nyuma kabisa na hao wawili wanakabana koo, kwa hiyo watu wachache alionao dada ndio wangempa muuza mbao ushindi, na kila mtu anajua hivyo isipokuwa dada, au anajua na hataki kujua.

Mke wangu anaishi naye. Juzi alinipigia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, nikuambie kitu usinigombeze. Tawi letu lilipopiga kura sikusimama kwa wifi. Nilisimama kwa muuza mbao."

Nikamwambia, "Wewe mwanamke, umetufanyia nini?"

"Tuna mabinti wawili, mume wangu, na mto ni uleule. Mimi nataka daraja. Sitaki kulilia daraja."

Shida ni kwamba dada hakuona, na kila siku anamshukuru, anamwambia, "Wifi yangu, hata wote wakinitupa, wewe nilikusikia nyuma yangu unakohoa." Kikohozi kilikuwa chake kweli, ila kilitoka mstari wa muuza mbao.

Jana dada mwenyewe akanipigia. "Mdogo wangu, wanataka nijitoe. Nimebaki na wewe tu, sema neno moja, nibaki au nitoke. Lakini ujue, nikitoka nani atamtaja mwanangu? Humu nyumbani hata jina lake hamlitaji, mnalipita pembeni kama shimo." Nikamwambia mtandao mbaya, nitapiga baadaye. Mtandao ulikuwa mzuri.

Nilipomsimulia mwenzangu wa kitanda cha juu, tunamwita Redio kwa sababu hanyamazi, akasema, "Kaka, mstari wa choo chetu asubuhi ni mrefu kuliko wa dada yako, mwambie aje agombee huku." Chumba kizima kikacheka na mimi nikacheka, halafu nikatoka nje nikajifanya natafuta koleo langu. Mshauri, nikimwambia atoke ni kama namnyang'anya mwanawe mara ya pili, nikimwambia abaki atapita yule asiyetaka daraja, na nikimwambia siri ya mke wangu nyumba itavunjika. Nifanyeje?

Mfunga Nondo

*

Mfunga Nondo, pole. Pole hii ni ya mpwa wako, kwa sababu umeniandikia barua nzima kuhusu msiba wa dada yako na hujasema popote kwamba ulikuwa wako pia. Umemwita "binti huyo."

Sasa nikugombeze. Dada aliyekulea anakuomba neno moja unamsingizia mtandao? Aibu hiyo uimalize leo.

Mgombea halazimiki kutoka kwa sababu tu yuko nyuma. Anaweza kubaki hadi tawi la mwisho kama ana jambo ambalo wengine hawalisemi, na dada yako alikuwa nalo. Sidhani muuza mbao angelitaja daraja kama mama huyo asingesimama akalia mbele za watu. Lakini wakati wa kutoka unafika pale kubaki kwako kunapompa ushindi yule uliyeingia kumpinga. Umefika. Akisubiri Jumamosi ipite atakuwa ameshindwa, basi. Akitoka kabla, bado ana kitu mkononi.

Kwa hiyo atoke, ila asitoke kwa simu wala kwa kutuma mtu. Muuza mbao asimame kwanza mbele ya wanachama, aseme daraja litajengwa wapi na litaanza lini, ndipo dada naye awaambie walio wake wasimame kwa muuza mbao. Akikataa kuahidi hadharani, dada abaki, na asilaumiwe.

Mkeo hakukosea mahali pa kusimama. Anakosea kila anapoitikia zile shukrani. Amwambie wifi yake mwenyewe, ana kwa ana, kabla dada hajaamua, kwa maana huwezi kumtaka mtu aamue huku anamhesabu nyuma yake mtu ambaye hayupo. Itauma, na huenda wasisemeshane kwa muda. Wewe usimsemee mkeo wala usimfiche.

Lakini hayo yote yaje baadaye. Dada yako hakuingia siasa kwa kupenda siasa. Jukwaa ndipo mahali pekee alipobaki napo pa kumtaja mwanawe, na hata hapo anakatizwa. Ukimtoa jukwaani bila kumpa mahali pengine, utakuwa umemfungia mlango wa mwisho. Mpigie. Usianze na kura, usianze na muuza mbao. Mtaje mpwa wako kwa jina. Muulize dada lile gauni liko wapi, je, alilimaliza? Kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho, hata salio likiisha. Habari za mchujo mtaziongea ukimpigia mara ya pili.