Parachuti Niliyoikunja Upya

Jumapili, 6 Januari 2013
Nimefungua stoo ya maabara mapema kama kawaida; ndiyo kazi yangu katika nchi hii ya Kiarabu tangu nistaafu ualimu nyumbani. Nimefuta vumbi, nimepanga chupa. Jioni Odhiambo amekuja. Ni dereva wa basi la shule yetu, Mkenya wa Kisumu. Aliagiza roketi kubwa ya kujiundia, ikaja vipande vipande ndani ya boksi, na baada ya kazi tunaiunda hapa. Imenipita kimo. Leo kabandika pezi la tatu mkiani, gundi ikachuruzika. Nimemwambia aikwangue.
"Mwalimu, hii si daftari ya kusahihisha!"
Akacheka. Lakini aliikwangua.

Jumatano, 9 Januari
Sasa nimeelewa haraka yake. Mkuu wa chuo cha ufundi kwao amemwahidi darasa la kufundisha vijana kurusha roketi, mradi aje na cheti. Sharti la cheti: aiunde na kuiandaa mwenyewe, nayo ishuke kwa parachuti, nzima. Kibali cha kurusha ni cha siku moja. Mkataba wake unakwisha mwezi huu. Hakuna mara ya pili.
Natamani sana afaulu. Sijamwambia.

Jumatatu, 14 Januari
Rangi imekauka. Amekula kwangu, mtaa wa Al Mansoura. Amenitania kwamba napiga pasi hata leso. Nimemjibu kwamba mtu hutambulika kwa mikunjo yake. Alicheka mpaka akapaliwa.

Alhamisi, 17 Januari
Mchana Odhiambo amefunga parachuti ndani ya roketi, kisha akaenda kuwarudisha wanafunzi. Nikachungulia. Kitambaa kimefinyangwa kama nguo iliyotoka beseni, poda kila mahali. Sikuweza kuvumilia. Nimeitoa, nimekung'uta poda yote, nimeipiga pasi ya uvuguvugu. Nimeikunja kama ninavyokunja kanzu zangu za Ijumaa, ukingo kwa ukingo, nyembamba. Nimeirudisha.
Sikumwambia. Nadhani nimemsaidia.

Ijumaa, 18 Januari
Asubuhi tulikuwa jangwani, mbali kupita kitongoji cha Al Wukair. Roketi ilipanda vizuri mno. Nilipiga kelele kama mtoto. Kule juu pua ikachomoka, parachuti ikatoka. Haikufunguka. Ilishuka ikiwa imeshikamana vile vile nilivyoikunja. Roketi ikajichoma mchangani, ikapasuka hadi kwenye mapezi.
Mhandisi msimamizi, mwenye kutoa cheti, alitikisa kichwa na kuuliza nani alifunga parachuti.
"Ni mimi," akasema Odhiambo.
Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilinyamaza.

Jumapili, 20 Januari
Nimemuuliza mwalimu wa fizikia kazi ya poda, kana kwamba ni udadisi tu. Huzuia kitambaa kisigandamane, hasa kwenye unyevu wa hapa. Na parachuti haipigwi pasi.
Odhiambo hatanii tena. Anarudia swali moja.
"Poda nilitia ya kutosha, Mwalimu. Nilikosea wapi?"
Nilimwambia ni upepo. Uongo. Nimewahi kuwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huu.

Alhamisi, 24 Januari
Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Alikataa nimbebee begi.
"Mzee, wacha hiyo sura ya matanga. Wewe ulinisaidia sana."
Neno la kuungama lilikuwa mdomoni. Nikamtakia safari njema. Mimi ni mwoga. Sikulijua hilo kwa miaka sitini na mitatu.

Jumamosi, 2 Februari
Nimempigia. Nimesema yote, bila kupamba. Pasi, poda, kunyamaza kwangu jangwani, uongo wa upepo. Upande wake akapunguza redio.
"Nilimwambia mkuu ni mimi nilikosea," akasema. "Darasa amepatia mtu mwingine."
Kisha: "Sawa, Mwalimu."
Simu ikakatika. Hakusema kwaheri. Si desturi yake.

Jumanne, 12 Februari
Nimemwandikia mkuu wa chuo, nikaeleza kosa ni la nani. Nimeiposti barua asubuhi. Darasa halitarudi, lakini jina la Odhiambo lisiharibike kwa ajili yangu.
Yeye nimempigia mara mbili. Hapokei. Sitapiga mara ya tatu. Ni haki yake kutonisikia.
Leo kumekuwa na ukungu hadi saa nne.