Nataka Ndugu Yangu Aende Nikaha Yangu Badala Yangu

Mama Rosina, nisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo ndiyo nikaha yangu kule Bangale na mimi siwezi kutoka hapa Garsen. Nina duka la nguo, watu wananiona mzima, lakini mwaka jana nikielekea Hola kuchukua mzigo, tulipopita Minjila tu moyo ulianza kunidunda, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata, nikajua nakufa, nikamlilia dereva asimamishe gari mbele ya abiria wote, nikarudishwa kwa pikipiki. Hospitalini wakanipima moyo, wakasema hauna kitu. Tangu hapo hali hiyo ikanirudia sokoni, kisha msikitini Ijumaa, nikatoka mbio watu wakiwa wamesujudu, na sasa ni dukani na nyumbani basi.

Mchumba wangu Habon hajui. Miaka miwili tunaongea kwa simu, na tangu safari ile kila akiniita kwao nina sababu, mara malaria, mara mvua imekata barabara, hata baba yake alipolazwa sikwenda kumjulia hali. Ndugu yangu mdogo, Abdinoor, ndiye anayekwenda kila mahali badala yangu na ndiye hunisaidia kudanganya. Tumepanga, na kwao Habon nimeshawaarifu, aende kama wakili wangu, aipokee nikaha kwa niaba yangu kwa kuwa dini inaruhusu, halafu bibi harusi aletwe huku. Lakini juzi Habon aliniuliza kama nina mke mwingine, nikacheka tu, akaniambia, "Mimi si mzigo wa kutumiwa mtu aje kuchukua. Kama huji mwenyewe, usitume mtu," akakata simu. Nampenda, Mama, lakini nikiifikiria barabara ile jasho linanitoka hata sasa ninapoandika, na nikimwambia ukweli atasema ameposwa na mwendawazimu. Nifanye nini?

Abdihakim, Garsen

Pole sana, mwanangu. Wewe si mwendawazimu. Huo ni ugonjwa wa hofu ya ghafla, unawapata wengi na unatibika. Ukikushika unahisi unakufa, lakini hufi, na kila unapokwepa mahali ulipokushikia, hofu inaongezeka nguvu. Rudi hospitalini kesho. Safari hii usiseme moyo tu, sema "nashikwa na hofu mpaka nashindwa kutoka," uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili.

Sasa nikugombeze kidogo. Ndiyo, wakili anaweza kuipokea nikaha, muulize sheikh wako. Lakini akishaletwa Garsen, Habon ataishi na nani, na wewe au na Abdinoor? Siku akikuomba umpeleke akamwone baba yake utaugua malaria gani tena? Unaona haya akujue una hofu, ukaona afadhali akudhanie una mke wa siri! Binti wa watu amekaa Bangale anajiuliza ana kasoro gani. Huo ni ukatili, hata kama hukuukusudia.

Abdinoor naye aache kwenda badala yako, aende pamoja nawe. Kila asubuhi tokeni mfike mwisho wa mji. Hofu ikikushika, usikimbie, kaa naye hapo mpaka ishuke yenyewe, ndipo mrudi, na kesho yake msogee mbele kidogo. Bangale hutafika kwa wiki moja, usijidanganye.

Kwa hiyo mpigie Habon leo, wewe mwenyewe. Mweleze yote, mpaka ya msikitini. Kisha mwache achague: nikaha isogezwe mbele, aende wakili huku Habon akijua sababu, au akuache. Akikuacha utaumia, sitakuficha. Lakini miaka miwili amechumbiwa na mtu asiyemjua, na hujampa hata siku moja ya kukukubali ulivyo. Weka gazeti chini, umpigie.